Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza 'Variety' katika Tafsiri ya Kiswahili: Mifano kutoka Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna neno la Kiingereza 'variety' linavyotafsiriwa kwa Kiswahili katika mambo mawili yanayowagusa wakazi wa mpaka wa Kenya na Uganda, yaani mbegu na lugha. Hoja yetu ni kwamba neno hilo humwezesha mwandishi wa Kiingereza kuahirisha uamuzi ambao Kiswahili humlazimisha mfasiri kuufanya papo hapo: je, ni aina, ni anuwai, ni mbegu au ni lahaja? Katika eneo la Busia na Tororo uamuzi huo huwa na athari kwa shamba la mkulima na kwa kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo makala yanapinga desturi ya kutafuta kisawe kimoja cha neno hili na yanapendekeza mgawanyo wa visawe kwa kuzingatia kazi ya neno katika matini.

Utangulizi

Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mpaka uliokuwa mbali upande wa Naivasha ukasogezwa magharibi. Mstari uliothibitishwa kwa amri ya mwaka 1926 unafuata, katika eneo tunalolizungumzia, Mto Sio na Mto Malaba. Wasamia wako kando zote mbili za Sio, na Iteso wako kando zote mbili za Malaba. Upande wa Uganda wanaishi pia Wagwe, Wajopadhola na Wanyole. Upande wa Kenya wako Wakhayo, Wamarachi na Wanyala. Luganda huvuka kutoka magharibi pamoja na biashara, Kiswahili kutoka mashariki, na Kiingereza hushuka kutoka ofisini.

Ni katika Kiingereza hicho cha ofisini ambamo neno 'variety' hukutwa kila mara. Hutumiwa na ofisa wa kilimo, mkaguzi wa forodha, mkuza mitaala na mwanaisimu, na kila mmoja hudhani kwamba wenzake wanalielewa kama anavyolielewa yeye. Mradi matini inabaki katika Kiingereza, tofauti hizo hazionekani. Hujitokeza inapotafsiriwa.

Kazi tatu za neno moja

Asili ya neno ni Kilatini 'varietas', lililoingia Kiingereza katika karne ya 16 kupitia Kifaransa. Kwa muhtasari, lina kazi tatu. Kwanza, hutaja hali ya mambo kutofanana. Pili, hutaja wingi wa vitu visivyofanana vilivyokusanyika mahali pamoja, na hapo huwa karibu na 'mbalimbali' au 'kadha wa kadha'. Tatu, hutaja kitu kimoja kilichotengwa na vingine ndani ya jumla kubwa zaidi. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyochukuliwa na taaluma. Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu spishi za mimea, aliliweka neno hilo la Kilatini chini ya ngazi ya spishi. Baada ya karne mbili wanaisimu walilichukua kwa sababu tofauti kabisa: walitaka neno lisilopanga ngazi yoyote. Ferguson na Gumperz (1960) walilitumia ili waweze kujadili usemi wa jamii za Asia Kusini kabla ya kuamua kipi ni lugha na kipi ni lahaja, na Hudson (1980) alilipanua hadi likakumbatia lugha, lahaja na sajili bila kubagua.

Kwa hiyo neno ambalo kwa mtaalamu wa mimea linataja ngazi mahususi, kwa mwanaisimu ni njia ya kukwepa ngazi. Mfasiri asiyelijua hili atafungua kamusi, atachukua kisawe cha kwanza na kuendelea na kazi.

Kiswahili hakina neno moja linalobeba kazi zote tatu, na kwa maoni yetu huo si upungufu. 'Anuwai' limetokana na Kiarabu, ambako ni wingi wa neno lenye maana ya aina. Kiswahili kiliazima umbo la wingi, nalo likabaki na harufu ya wingi hadi leo: 'mimea anuwai' husomeka vizuri, lakini 'anuwai moja ya mmea' hulikwaza sikio la msemaji yeyote mzoefu. Ndiyo maana istilahi 'bayoanuwai' imekubalika kwa urahisi, kwani inataja hali ya wingi na tofauti, wala haitaji kiumbe kimoja. 'Aina' hufanya kinyume chake. Hutenga kimoja, na likihitaji wingi huomba msaada wa 'mbalimbali' au hurudiwa, 'aina aina'. 'Namna', lenye asili ya Kiajemi, limeelekea zaidi kwenye jinsi ya kufanya jambo, na 'jinsi' lenyewe limeelemewa na kazi nyingine kiasi kwamba halifai tena kuwa istilahi hapa. Kuna pia 'lahaja', ambalo ni la lugha peke yake na ambalo, kama tutakavyoona, halisimami bila mzazi.

Aina, mbegu na jina la sokoni

Tuanze na shamba, kwa kuwa huko makosa ya tafsiri huonekana kwa macho. Busia na Tororo ni nchi ya muhogo. Mlipuko wa batobato kali ya muhogo ulioanza Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 ulienea hadi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, ukawaacha wakulima na mashamba ya majani yaliyojikunja na mizizi isiyonenepa. Ugonjwa huo huenezwa na nzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe anapokata pingili kutoka kwenye shina lenye ugonjwa na kuzipanda upya. Suluhisho lilikuwa kupanda muhogo unaostahimili. Mmoja uliosambazwa sana ulizalishwa na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto iliyoko Ibadan, Nigeria, ukiwa na namba TMS 30572. Uganda uliidhinishwa kwa jina la NASE 3. Wakulima waliuita Migyera, na kwa jina hilo ukavuka mpaka na kupandwa upande wa Kenya, ambako kituo cha utafiti cha Alupe kiko mwendo mfupi tu kutoka mji wa Busia. Baadaye ulikuja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na zoezi la kutafuta muhogo mwingine likaanza upya.

Sasa tuchukulie kipeperushi cha Kiingereza kinachomshauri mkulima apande 'variety' inayostahimili batobato, na aya moja chini yake kinamshauri apande 'variety' ya mazao ili asitegemee muhogo peke yake. Mwandishi hajakosea, kwani kiambishi kidogo na muktadha vinamtosha msomaji wa Kiingereza. Mfasiri akiandika 'aina mbalimbali' kote kuwili, shauri la kwanza limegeuka. Mkulima ameambiwa achanganye mihogo, naye ataendelea kukata pingili za muhogo wa zamani alioupenda kwa utamu wake, pamoja na virusi vilivyomo, na kuzipanda kando ya zile mpya. Akiandika 'aina' kote kuwili, shauri la pili ndilo litakalopotea. Tafsiri sahihi inahitaji maneno mawili: 'panda aina inayostahimili' na 'panda mazao anuwai'.

Hata hivyo mkulima mwenyewe hasemi 'aina'. Husema 'mbegu'. Akimwuliza jirani yake, 'Umepanda mbegu gani?', hatarajii kuonyeshwa punje, anatarajia jina. Hata muhogo, ambao haupandwi kwa punje bali kwa vipande vya shina, una 'mbegu' yake kwa maana hiyo. Hili ni neno zuri, lenye mizizi ya Kibantu, na linaeleweka Funyula kama linavyoeleweka Morogoro. Tatizo lake liko katika sheria. Kenya ina sheria, Sura ya 326, ambayo jina lake la Kiingereza linataja mbegu na 'varieties' za mimea kama vitu viwili. Tukilifuata neno la mkulima bila kufikiri tutapata Sheria ya Mbegu na Mbegu za Mimea. Utani huo una jambo zito ndani yake. Sheria huitenga mbegu kama bidhaa inayouzwa kwenye mfuko na 'variety' kama kitu kisichoshikika, yaani seti ya sifa zinazorithiwa na zinazoweza kumilikiwa. Mkataba wa kimataifa wa UPOV wa mwaka 1961, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1999, unadai kwamba kitu hicho kitofautiane wazi na vingine vinavyojulikana, mimea yake ifanane, na sifa zake zisibadilike kizazi hata kizazi. Uganda nayo ilitunga sheria yake ya kulinda aina za mimea mwaka 2014. Kwa mizani hiyo, mbegu nyingi za wakulima si 'varieties' hata kidogo, kwa sababu hazifanani vya kutosha. Mkulima akiambiwa kwamba 'aina' yake haitambuliki kisheria, neno linalomfikia ni kwamba mbegu yake si mbegu.

Sokoni mambo yana sura nyingine tena. Maharagwe makubwa mekundu yenye mabaka, ambayo upande wa Uganda huitwa Nambale, yakishavuka lango la Busia huuzwa kwa jina la Rosecoco au Nyayo. Nambale ni jina la biashara linalokumbatia zaidi ya aina moja iliyotolewa na watafiti. Rosecoco nayo, kwa asili, ni jina la aina iliyosajiliwa, lakini mnunuzi wa gunia hulitumia kwa chochote kinachofanana nayo kwa rangi. Kwa hiyo jina la soko hutaja mwonekano, na jina la daftari la serikali hutaja ukoo. (Itakumbukwa kwamba Nambale ni pia mji katika Kaunti ya Busia, Kenya, tumewahi kuwasikia watu wazima wakibishana kwa dhati kama maharagwe hayo yanatoka huko.) Luganda, ambayo wachuuzi wengi wa Tororo huitumia, ina neno 'ekika', lenye maana ya ukoo wa watu na pia maana ya aina ya kitu. Mchuuzi anayefikiri kwa neno hilo yuko karibu zaidi na mtaalamu wa mimea kuliko anavyodhaniwa.

Suala hili si la wasomi peke yao. Kanuni za COMESA za mwaka 2014 za kuoanisha biashara ya mbegu zinaruhusu aina iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama kuingizwa katika orodha ya pamoja na kuuzwa katika nchi nyingine za jumuiya hiyo. Kenya na Uganda zote ni wanachama. Ili orodha hiyo imfae mtu wa Malaba, ni lazima ajue kwamba jina lililo kwenye orodha na jina analolijua yeye ni la kitu kimoja. Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya lango hilo, hakijapewa kazi ya kuyaunganisha majina hayo.

Lahaja ya nani?

Tukigeukia lugha, neno lenye utata hubadilika lakini muundo wa tatizo ni ule ule. Sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba Lusamia ni 'variety' ya Kiluhya huonekana ya kiungwana. Haisemi kama Lusamia ni lugha au ni lahaja. Kwa Kiswahili kuna kishawishi kikubwa cha kuandika 'Lusamia ni lahaja ya Kiluhya', na Nairobi hakuna atakayestuka. Wasamia wa Kenya huhesabiwa miongoni mwa Waluhya, jina la pamoja lililojengwa kisiasa katika miaka ya 1930 na 1940, kama alivyoonyesha Julie MacArthur (2016), sambamba na juhudi za kamati ya lugha zilizotaka kuunda maandishi mamoja kwa jamii zote hizo. Vuka Mto Sio uisome sentensi hiyo hiyo Busia ya Uganda. Jedwali la Tatu la Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 linawataja Wasamia kama jamii inayojitegemea. Linawataja Wagwe peke yao, Wanyole peke yao, na hata Wabukusu peke yao. Waluhya hawamo. Sentensi iliyokuwa maelezo ya kawaida ng'ambo moja imekuwa ng'ambo ya pili dai la kuwaweka watu chini ya jina ambalo katiba yao hailitambui.

Uainishaji wa kitaaluma hautuondoi katika shida hii. Katika mpango wa Guthrie, Kiluhya ni E.32 na Kisaamia ni E.34, namba mbili zinazokaa jirani bila moja kuzaa nyingine. Guthrie alipanga kwa kufanana kwa sauti na maumbo na kwa jiografia; hakuulizwa nani achapishiwe vitabu.

Vitabu ndivyo vinavyolipa suala hili uzito. Mtaala uliozinduliwa Uganda mwaka 2007 ulielekeza kwamba madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo husika, na bodi za lugha za wilaya zilipewa jukumu la kusimamia tahajia na maandishi. Kenya, kupitia Mtaala wa Umilisi, nayo inatoa nafasi kwa lugha za kiasili katika gredi za chini. Katika mifumo yote miwili kinachoombewa bodi, bajeti na mwandishi ni lugha. Lahaja hutarajiwa kusoma kitabu cha mzazi wake. Ukiandika 'lahaja' katika waraka wa mapendekezo, umekwisha kujibu swali la fedha kabla halijaulizwa. Umeweka pia mzazi ambaye huenda hayupo: mtoto wa Kisamia anayepewa kitabu cha 'Kiluhya' atapewa kwa kweli kitabu cha jamii fulani miongoni mwa Waluhya, ambayo si yake.

Hali ya Ateso ni tofauti kidogo. Hakuna anayekana kwamba Iteso wa Tororo na wale wa Kenya wanazungumza lugha moja na Iteso wa Soroti na Kumi. Kuna tofauti za msamiati na matamshi zilizokua kwa sababu ya utengano na ujirani mpya, na vitabu vingi huandikwa kwa Ateso ya kaskazini. Hapo 'lahaja' lina haki ya kutumika, kwa sababu mzazi anajulikana na watoto wanamkubali, ingawa kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyepotoka. Kuhusu Dhopadhola inatosha kusema kwamba ukaribu wake na lugha nyingine za Kiluo haujawahi kuwafanya Wajopadhola wakubali kuitwa tawi la mtu.

Baadhi ya waandishi hujaribu kukwepa kwa kutumia 'kilugha' au 'vilugha'. Tunaona njia hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Kiambishi cha udogo kimekwisha kufanya kazi yake kabla msomaji hajafika kwenye ufafanuzi wa kitaaluma.

Kiswahili chenyewe mpakani

Itakuwa si haki kuzipima lugha nyingine na kukiacha Kiswahili cha Busia. Hiki ndicho kilicholipa eneo zima neno 'bodaboda', lililozaliwa kwenye mpaka huu kutokana na baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kutoka lango moja hadi jingine. Ni usemi wenye upatanisho wa ngeli uliopunguzwa, wa aina ya 'kitabu yangu', na wenye msamiati kutoka Luluhya, Luganda na Kiingereza. Je, ni lahaja? Kwa maana tunayoitumia kwa Kimvita au Kiamu, hapana. Lahaja hizo zimerithiwa na vizazi vya wenyeji wa pwani. Usemi wa Busia umejengwa na watu wenye lugha nyingine nyumbani, kwa ajili ya kazi. Ni aina ya Kiswahili. Kuiita lahaja ni kuipa nasaba isiyo nayo, na kuiita Kiswahili kibovu ni kuacha kuieleza.

Tofauti hii ina matokeo ya kisera. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipitisha kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wa kuitekeleza azma hiyo watatafutwa kwanza mahali ambapo Kiswahili tayari kinasemwa, na Busia na Tororo ni miongoni mwa mahali hapo. Msimamizi wa usaili anayejua kwamba mbele yake ana msemaji wa aina fulani ya Kiswahili, mwenye ufasaha kamili wa mazungumzo na pengo katika upatanisho wa ngeli, atajua la kumfundisha. Anayesikia makosa tu atamrudisha nyumbani na kumwajiri aliyekariri sarufi lakini hawezi kununua nyanya kwa Kiswahili.

Mapendekezo kwa wafasiri na watunga sera

'Anuwai', pamoja na nomino 'uanuwai', libaki kwa hali ya kutofanana na kwa mkusanyiko wa vitu visivyofanana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inapoitaka Dola ikuze na kulinda tofauti za lugha za wananchi, inazungumzia maana hii, na neno hilo linatosha.

Katika kilimo, 'aina' litumike kwa kilichosajiliwa na 'mbegu' kwa kinachopandwa, na kila waraka unaokusudiwa kumfikia mkulima wa mpakani uweke jina la usajili na jina la sokoni kwa pande zote mbili. Hili ni jambo la nusu mstari katika kipeperushi. Tunaliona kuwa la haraka kuliko mengine yote kwa kuwa msimu wa kupanda hausubiri kamati.

Katika lugha, 'aina ya lugha' ndilo tunalolipendekeza pale ambapo uhusiano haujaamuliwa au unabishaniwa. 'Lahaja' litumike pale tu mwandishi anapoweza kuitaja lugha ambayo lahaja hiyo ni sehemu yake, na wasemaji wenyewe wakaikubali. Kuna wenzetu watakaosema kwamba 'aina ya lugha' ni refu na limepoa. Ni kweli. Urefu huo humkumbusha mwandishi kwamba bado hajaamua.

Linabaki suala moja ambalo pendekezo hili haliwezi kulimaliza. Ikiwa siku moja kitabu cha kusomea cha Lusamia kitachapishwa mara moja kwa ajili ya shule za kando zote mbili za Mto Sio, jambo ambalo gharama za uchapishaji zinalifanya lifikirike, bodi ya lugha ya wilaya upande mmoja na wakuza mitaala wa upande wa pili watalazimika kukubaliana juu ya maneno ya jalada. Ushauri wetu ni kwamba jalada liandikwe 'Lusamia' tu, bila neno lolote la kuainisha mbele yake wala nyuma yake, na mjadala wa tahajia uanze na mwalimu wa Funyula na mwalimu wa Masafu wakiwa wamekaa meza moja.